Umeme Kichwani, Kazi Mkononi

(Hotuba hii ilitolewa Dar es Salaam mbele ya familia zinazouguza wagonjwa wa kiharusi, wauguzi na wanafunzi wa fiziotherapia. Wengi walioshindwa kufika kwa sababu ya kuuguza waliiomba, kwa hiyo imewekwa nzima, pamoja na maswali mawili yaliyoulizwa mwishoni.)

Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, wauguzi, wanafunzi, na ninyi ndugu mliowabeba wagonjwa wenu mgongoni mpaka huku ghorofani kwa sababu jengo halina lifti: Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie umeme, na sababu yake naijua. Kuna video inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Mtu amekaa kwenye kiti, kichwani amefungwa mkanda wenye waya mbili, mkono wake uliopooza unanyanyuka taratibu, muziki unapanda, na chini ya picha kuna namba ya simu ya kuagizia mashine. Wangapi mmeiona? Nyosheni mikono. Naam, zaidi ya nusu ya ukumbi. Na wangapi mmeshaulizia bei? Msione haya. Mtu ambaye mama yake amepooza upande mmoja tangu Ramadhani iliyopita, nani atamlaumu kwa kuulizia bei?

Swali lenu ni moja: kile kitu kinafanya kazi? Jibu langu ni refu kidogo. Jibu fupi ndilo linalouzia mashine, kwa hiyo nivumilieni.

Kwanza tujue tunazungumzia umeme gani. Ukitaja umeme kichwani, wengi wanawaza shoti. Wapo wanaowaza ile tiba ya mshtuko inayotolewa kwa baadhi ya wagonjwa wa akili. Ile hupitisha umeme wa kama miliampia 800 (miliampia ni kipimo cha mkondo wa umeme), na mgonjwa hulazwa usingizi kwanza. Huu wa kiharusi ni miliampia 1 au 2. Chanzo chake ni betri. Vipande viwili vya sponji vilivyoloweshwa maji ya chumvi huwekwa kichwani, kimoja juu ya sehemu ya ubongo inayoamrisha mkono, kingine mara nyingi kwenye paji la uso upande wa pili. Umeme hupita dakika 20 au 30. Mgonjwa yuko macho, anaongea, anafanya mazoezi. Anachohisi ni kuwashwa kidogo pale penye sponji, basi. Hakuna kupasua, hakuna sindano. Madaktari wanauita kwa herufi nne, tDCS, na nitalitumia jina hilo ili mkilikuta kwenye tangazo mlijue.

Na msidhani ni jambo lililozuka jana. Katika karne ya kwanza, huko Roma, tabibu aliyeitwa Scribonius Largus aliandika kwamba mwenye maumivu sugu ya kichwa awekewe samaki wa umeme akiwa hai mahali panapouma, mpaka ganzi iingie. Samaki wa umeme hata sisi tunao. Kambare wa aina hiyo anaishi Ziwa Tanganyika, na mvuvi aliyemshika mara moja kwa mkono mtupu hahitaji mwalimu wa fizikia.

Niwapeleke haraka mpaka mwaka 1980. Watafiti wawili Waingereza, Merton na Morton, walipitisha umeme wa nguvu kwenye ngozi ya kichwa cha mtu mwenye afya, mkono wake ukaruka wenyewe. Walikuwa wamethibitisha jambo kubwa: unaweza kuamrisha mkono kutokea nje ya fuvu. Shida yake moja, inauma sana. Mwaka 1985, Anthony Barker na wenzake wa Sheffield wakapata njia isiyouma. Walitumia koili ya waya inayotengeneza sumaku ya ghafla, na sumaku hiyo inazalisha umeme ndani ya ubongo bila kuichoma ngozi. Halafu mwaka 2000, mjini Göttingen, Ujerumani, Michael Nitsche na Walter Paulus wakarudi kwenye umeme mdogo wa betri. Waliupitisha kwa dakika chache tu, kisha wakaupima ubongo kwa sumaku ileile. Mwitikio wa sehemu inayoamrisha mkono ulibadilika kwa kiasi kinachofika asilimia 40, na badiliko likaendelea kwa dakika kadhaa hata baada ya betri kuzimwa.

Hapo ndipo wanaoshughulika na kiharusi tulipoinua vichwa. Kiharusi ni nini? Mshipa wa damu kichwani umeziba au umepasuka, sehemu ya ubongo imekosa damu, seli zake zimekufa. Zilizokufa hazirudi. Lakini pembeni yake kuna seli zilizonusurika, nyingine zimezubaa, nyingine zinaweza kujifunza kazi ya zile zilizokufa. Kupona kwa mkono maana yake ni huko kujifunza upya. Sasa kama betri ndogo inaweza kuzifanya seli hizo ziwe tayari zaidi kuitika, si tumepata tiba?

Hapa nataka mnisikilize vizuri. Umeme huu haumwamrishi mtu kunyanyua mkono. Ni mdogo mno. Unachofanya ni kuisogeza seli karibu na kuamka, ili amri ikija iitike upesi. Amri yenyewe lazima itoke kwa mgonjwa. Mama zangu mnaopikia mkaa mtanielewa kuliko wanafunzi hawa wa gesi: kipepeo kinaamsha moto, lakini kama jikoni hamna mkaa utapepea majivu mpaka jioni. Mkaa hapa ni mazoezi. Kwa hiyo mtu anayemvalisha baba yake mkanda wa umeme akamwacha ameketi anaangalia taarifa ya habari, anapepea nini?

Mnaniuliza, ukipepea na mkaa upo, chakula kinaiva upesi zaidi? Hilo ndilo swali la kweli. Na hadithi yake ina utamu ambao wauza mashine hawausimulii.

Miaka ya nyuma kulikuwa na fikra iliyopendwa sana, na hata mimi niliifundisha darasani. Ilisema hivi: nusu mbili za ubongo hushindana. Nusu moja ikiumia, ile nzima inapata nguvu kupita kiasi na kuigandamiza iliyoumia. Dawa, basi, ni kuituliza ile nzima kwa sumaku ili iliyoumia ipumue. Fikra nzuri, inaingia akilini. Tafiti ndogondogo zikaiunga mkono. Kisha Marekani ikafanyika ya kukata mzizi wa fitina, ikaitwa NICHE, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2018. Wagonjwa 199, wote walikuwa wamepata kiharusi kati ya miezi 3 na 12 nyuma. Wengine waliwekewa sumaku ya kweli, wengine kifaa cha kuzuga kinachokaa na kulia kama kile cha kweli. Mgonjwa hakujua yuko kundi gani. Aliyempima mkono naye hakujua. Na wote, nasema wote, walifanyishwa mazoezi ya mkono, mara 18 ndani ya wiki 6.

Miezi 6 baadaye wakapimwa. Kati ya waliowekewa sumaku ya kweli, asilimia 67 walikuwa wamepiga hatua ya maana kwenye mkono. Wataalamu walisherehekea? Subiri kwanza tuwaone waliozugwa. Kisieni. Asilimia 20? 30? Nasikia mtu anasema 40.

Asilimia 65.

67 kwa 65. Hiyo si tofauti. Magazeti ya kitabibu yaliandika kwamba utafiti umeshindwa, na kwa hesabu ya sumaku ni kweli ulishindwa. Lakini mimi nikiisoma ile karatasi macho yangu yalibaki kwa waliozugwa. Watu waliokwisha kumaliza miezi mitatu, sita, tisa tangu kiharusi, wakati ambao majirani wameshaanza kusema "huyo ndiyo basi tena," theluthi mbili yao karibu walisonga mbele bila umeme wowote. Walipewa nini? Walipewa mtaalamu, malengo, na mara 18 za kazi ya mkono. Mara 18! Wangapi humu ndani mgonjwa wenu alipata hata mara 6 baada ya kutoka hospitali?

Sikusikii. Rudia, mama. Mara moja. Sawa.

Utafiti mwingine, na huu ndio wa tDCS hasa, wa betri na sponji. Unaitwa TRANSPORT2, matokeo yake yalitangazwa Los Angeles mwezi Februari 2025. Wagonjwa 129 wa hospitali mbalimbali za Marekani, kiharusi chao kina mwezi 1 hadi 6. Makundi matatu: miliampia 2, miliampia 4, na kuzugwa. Kuzugwa kwenyewe ni ustadi, maana umeme huwashwa sekunde chache mgonjwa ahisi kuwashwa, kisha huzimwa kimyakimya. Wiki mbili, vipindi 10, na kila kipindi mgonjwa anafanya mazoezi huku mkono usiopooza umevalishwa glavu nene usisaidie. Matokeo? Makundi yote matatu yalisonga mbele. Na tofauti kati yao haikuonekana. Habari njema ni kwamba hata miliampia 4 hazikuleta madhara ya kutisha.

Sasa nisije nikawa kama wale wa video, nikawaonesha upande mmoja tu. Oxford mwaka 2016 walitoa matokeo ya wagonjwa 24 waliofanya mazoezi siku 9, karibu nusu kwa umeme wa kweli. Miezi mitatu baadaye wale wa umeme walikuwa wanashika na kutumia vitu vizuri zaidi kuliko wenzao, ingawa kipimo kimoja kati ya vilivyotumika hakikuonesha tofauti. Na mwaka 2020 wapitiaji wa Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, walizikusanya tafiti 67 zenye wagonjwa 1,729. Waliona dalili kwamba tDCS huenda inasaidia katika shughuli za kila siku, kuvaa, kula, kujisafisha. Kwa nguvu ya mkono wenyewe, hawakuona ushahidi wa kusimamia.

Kwa hiyo nasimama wapi? Sisemi ni utapeli. Nasema haijaiva, na anayekuuzia kama imeiva anakudanganya.

Kwa nini inasaidia huyu na haimsaidii yule? Kichwa si bomba. Watafiti walipopima kwenye maiti, matokeo yaliyochapishwa 2018, waliona karibu asilimia 75 ya umeme uliowekwa nje unaishia kwenye ngozi na mfupa. Robo ndiyo inayoingia. Na ndani kila kiharusi kina ramani yake. Cha huyu kimekata njia kuu inayoshuka kwenda mkononi, cha yule kimegusa pembeni tu. Ukiweka sponji mahali palepale kwa wote wawili, umeme utapita kwingine kabisa. Hata kwa watu wenye afya timamu, walipopimwa London mwaka 2014, watu 53, walioitika kama vitabu vinavyosema walikuwa kama theluthi tu. Fundi wa mtandaoni atakwambia uweke "hapa juu ya sikio." Amejuaje?

Kuna hadithi moja zaidi ya umeme, halafu nauacha. Haihusu kichwa, inahusu neva ndefu inayoshuka shingoni, inaitwa vagasi. Mwaka 2021 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa wagonjwa 108 waliopandikizwa kifaa kifuani chenye waya unaofika kwenye neva hiyo. Huo ni upasuaji, kwa hiyo uko nje ya mada yangu ya leo, lakini sikilizeni utaratibu wake. Mtaalamu ameshika kitufe. Mgonjwa akijitahidi kufikia kikombe, mtaalamu anabonyeza, umeme unapita nusu sekunde. Anajitahidi tena, anabonyeza tena. Mara 300 na zaidi kwa kipindi kimoja. Siku 90 baada ya vipindi hivyo, asilimia 47 ya waliopata umeme kamili walikuwa wamepiga hatua ya maana, dhidi ya asilimia 24 ya wenzao waliozugwa. Mwezi Agosti mwaka huohuo Marekani ikakipa kifaa hicho kibali. Mnaona kilichotofautiana? Pale umeme umefungwa kwenye tendo lenyewe, sekunde kwa sekunde. Ndiyo maana sasa watafiti wengi wanajaribu kuifikia neva ileile kupitia ngozi ya sikio, bila kisu. Hilo mimi nalifuatilia kwa hamu kuliko mkanda wa kichwani.

Basi, tuzime betri. Tuje nyumbani.

Mtafiti mmoja Mmarekani, Edward Taub, aliwafanyia nyani jaribio ambalo leo wengi wasingependa kulitazama. Alikata hisia za mkono mmoja. Nyani akaacha kuutumia kabisa, ingawa misuli ilikuwa mizima. Alijaribu siku za mwanzo, akashindwa, akazoea kutojaribu. Taub alipoufunga ule mkono mzima, nyani hakuwa na la kufanya, akautumia ule mwingine. Kumbe ulikuwa unaweza! Wazo hilo likaletwa kwa binadamu. Utafiti mkubwa ulioitwa EXCITE, mwaka 2006, wagonjwa 222 waliokuwa na miezi 3 hadi 9 tangu kiharusi, walivalishwa glavu mkono mzima kwa sehemu kubwa ya siku, wiki mbili, na mazoezi juu yake. Waliofanyiwa hivyo waliwashinda wenzao, na faida ilikuwepo hata mwaka mmoja baadaye.

Sasa niwaulize. Nyumbani kwenu nani anamfundisha mgonjwa kutotumia mkono?

Mnatazamana. Nitawasimulia bibi mmoja niliyemtibu, mshonaji wa zamani, ana mabinti wanne. Kila nikifika, mmoja anamlisha, mwingine anamfunga khanga, wa tatu anamchana nywele. Mkono wake wa kulia ulikuwa na uhai, vidole vinakunja, lakini umelala mapajani kama wa mgeni. Nikamwambia binti mkubwa, mpe kijiko. Akanijibu, "Mama yangu amwage uji mbele ya watu?" Nikamwelewa. Kwetu kumhudumia mzazi ni heshima, na kumwacha ahangaike ni aibu. Wala sikubishana naye. Nikamwomba anitafutie kibati cha vifungo cha mama yake, nikavimwaga mezani, nikamwambia bibi: nipangie, vikubwa huku, vidogo huku. Ilimchukua sehemu kubwa ya asubuhi. Alikasirika, alinitukana kidogo, alipanga. Tulipoonana mwezi uliofuata alikuwa anajifunga khanga mwenyewe, kwa shida, na hataki kusaidiwa.

Simleti kama muujiza. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kurudi kabla yangu, na wapo ambao mkono haurudi hata ukipanga vifungo mwaka mzima, kwa sababu njia ya ndani imekatika yote. Lakini yule wa vidole vinavyokunja, akikosa kazi, anapoteza hata hicho alichonacho.

Kazi kiasi gani? Marekani walikaa wakahesabu mwaka 2009: kipindi cha kawaida cha fiziotherapia, mgonjwa alirudia tendo la maana la mkono mara 32 kwa wastani. Wanyama wa maabara wanaoonesha ubongo unabadilika wanarudia mamia kwa siku. Mamia. Na kama Marekani ni 32, sisi je? Ndiyo maana nasema mashine mnayoitafuta mnayo nyumbani. Kuchambua maharage ni marudio. Kupukuchua mahindi ni marudio. Kukunja nguo, kupanga vikombe, kuanika vitu kwenye kamba iliyo usawa wa kifua. Na mchezo wa bao, wazee wangu, bao! Unachota kete, unazishika kiganjani, unaziachia moja moja kwenye kila shimo, unahesabu, unapanga mbinu, na mpinzani wako hakuonei huruma. Kama ningeombwa nibuni kifaa cha kuuzoesha mkono na ubongo kwa pamoja, ningekuja na kitu kilekile. Sharti ni moja tu: cheza kwa mkono uliopooza. Mzima ukae mfukoni.

Wauguzi wataniuliza kuhusu muda. Msianze kumkimbiza mgonjwa siku ya kwanza. Utafiti uitwao AVERT, mwaka 2015, wagonjwa 2,104, ulionesha kwamba kumnyanyua mara nyingi na kwa nguvu ndani ya saa 24 za mwanzo hakukusaidia, kulipunguza nafasi ya kupona vizuri. Mwache atulie. Lakini msizembee pia mpaka miezi iishe. Utafiti mwingine wa mwaka 2021 uliwaongezea wagonjwa saa 20 za mazoezi ya mkono kwa nyakati tofauti, na walionufaika zaidi ni walioongezewa kati ya miezi miwili na mitatu tangu kiharusi. Muda huo kwetu ndio wakati gani? Ndio wakati mgonjwa ametoka hospitali, nauli imeisha, kliniki iko mbali, na watu wanazunguka kutafuta nani amemtupia jini. Sidharau imani ya mtu. Naomba tu kwamba wakati mnatafuta, mkono uendelee na kazi. Na kukanda kwa maji ya moto mnakokupenda kunaburudisha, wala sikukatazi, ila anayefanya zoezi hapo ni mkandaji.

Angalizo moja la bega, maana limetuharibia wagonjwa wengi: msimvute mgonjwa kwa mkono uliopooza mnapomnyanyua. Misuli inayoshika bega imelegea, mfupa unateguka, na bega likianza kuuma hatakubali zoezi lolote. Mshike kiunoni au mgongoni. Kaka mliobeba wagonjwa ngazini leo, wawili wenu niliwaona. Tukishuka tutashuka vingine.

Na kwa nini haya yatuhusu Dar es Salaam kuliko wengi? Watafiti waliofuatilia viharusi wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na hapa jijini, wakachapisha mwaka 2010, waliona viharusi vipya kama 109 kwa mwaka kwa kila watu 100,000 kule Hai, na hapa Dar karibu 316, baada ya kulinganisha umri. Mara tatu! Presha isiyopimwa ndiyo mzizi mkubwa. Mlioleta wagonjwa, ninyi wenyewe presha zenu mmepima lini?

Nafunga hapo. Maswali mawili, maana chakula kinapoa.

Swali la kwanza, kijana mwanafunzi: "Mwalimu, kama betri ni volti 9 na sponji zipo, kwa nini tusiunde wenyewe?"

Nilikuwa nakusubiri. Mwaka 2016 watafiti wa fani hii waliandika barua ya wazi kwa watu wanaojiundia nyumbani, wakawaonya. Mashine ya kweli ina saketi inayolinda kiwango, hairuhusu umeme kupanda hata hali ya ngozi ikibadilika. Betri tupu haina akili hiyo. Sponji ikikauka ngozi inaungua, na mgonjwa asiyehisi vizuri upande mmoja hatasema kwamba anaungua. Chini ya uangalizi, rekodi ni nzuri sana: mapitio ya mwaka 2016 yalihesabu vipindi zaidi ya 33,000 bila dhara kubwa. Hivyo vilikuwa vipindi vya maabara na kliniki. Mwenye kifafa, mwenye chuma kichwani, mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, aliyefanyiwa upasuaji wa fuvu, hao usiwaguse kabisa. Ukitaka kuunda kitu, niundie ubao wa bao wenye mashimo makubwa kwa vidole vigumu. Nitanunua wa kwanza.

Swali la pili, mama mmoja wa nyuma: "Mwanangu yuko Muscat, alishaituma. Ipo kabatini. Baba yao, ndiye mgonjwa, anataka kuivaa. Nifanyeje?"

Usiitupe mama, pesa ya mtoto ni jasho. Wala asiivae peke yake. Ije na mzee kliniki, pamoja na karatasi za hospitali na picha ya CT kama alipigwa. Tutaangalia kama ina kidhibiti cha miliampia, tutamuuliza habari za kifafa, tutapima presha. Kama ni salama na yeye anataka, atavaa pale huku anafanya kazi ya mkono nusu saa, nasi tunamtazama. Na mwambie mwanao huko Muscat kwamba akitaka kutuma kingine, atume nauli ya baba yake ya kliniki, mara mbili kwa wiki, miezi mitatu.